Kabla hamjaupiga kufuli Uwanja wa Lake Tanganyika, someni hapa kwanza

MwishoWaReli (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Juzi kwenye uzi wa ligi kuna mkuu aliandika kwamba Uwanja wa Lake Tanganyika, hapa kwetu Kigoma, upigwe kufuli, asikanyage mtu wala kiti cha plastiki mpaka siku ya mechi. Watu wakamshangilia kweli. Nilitaka kumjibu hukohuko, nikaona maneno yamekuwa mengi, nimeyaleta huku.

Hasira yake naielewa. Wiki mbili nyuma tulikuwa na bonanza la wazee pale (wazee kwa maana ya vitambi). Wakati tunapasha misuli, kiatu changu kikagonga chuma ndani ya boksi dogo, hatua tatu hivi kutoka mstari wa goli. Nikachuchumaa, nikafukua kwa kidole. Kigingi cha hema. Kirefu kama kiganja, kutu tupu, kichwa kimepindishwa na nyundo, mizizi ya ukoka imekizunguka kama ilishakubali kuishi nacho. Golikipa akijirusha pale akaangukia ubavu, hapo hatuongei tena habari za mpira.

Kwa hiyo sitetei uchafu. Ila kile kigingi kilinirudisha Mei 2015, ndiyo maana nasema kufuli hapana.

Kwa vijana waliokuwa shule ya msingi wakati ule: Aprili 2015 Burundi kulichafuka baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakakimbia, maelfu kwa maelfu, wakamiminikia Kagunga, kijiji cha wavuvi kule mpakani. Anayekijua Kagunga anajua: mbele ziwa, nyuma mlima, barabara ya gari hakuna. Kijiji kikazidiwa, maji ya kunywa yakawa ya ziwani hayohayo, kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa moja tu, ya majini. Ikatumwa MV Liemba, bibi kizee yule aliyeundwa na Wajerumani mwaka 1913. Liemba haiwezi kusogea ufukweni Kagunga, kwa hiyo watu walipakiwa kwenye mitumbwi na maboti, halafu wakapandishwa melini huko kwenye kina. Mamia kwa safari moja. Meli inashusha Kigoma, inageuza, inafuata wengine.

Wakishashuka bandarini wanakwenda wapi? Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, mabasi hayatoshi kwa mpigo mmoja, watu wamechoka, wengine wanaumwa. Mji wetu una sehemu ngapi zenye ukuta, geti, na nafasi ya kulaza maelfu ya watu usiku mmoja? Wakapelekwa Lake Tanganyika.

Mimi enzi hizo nilikuwa naendesha boza la maji. Nakumbuka siku ya kwanza nimeingia na gari, nikashindwa kujua niegeshe wapi, maana kila mahali kuna mtu amelala au ameketi juu ya mzigo. Mwamba wa goli ulikuwa umeanikwa vitenge na nguo za watoto mpaka lango lenyewe halionekani. Na kuna katoto ka kiume, miaka saba hivi, kalikuwa kanapiga mpira wa makaratasi kwenye lango hilohilo. Mpira ukigusa vitenge unadondoka bila sauti. Mama mmoja anakafokea kwa Kirundi, kenyewe kanacheka, kanaokota, kanapiga tena.

Miaka mitano baadaye, 19 Septemba 2020, Rais Ndayishimiye wa Burundi alikuja Kigoma, ziara yake ya kwanza nje ya nchi tangu aapishwe. Magufuli akampokea wapi? Uwanjani palepale. Nilikuwa kwenye umati, nikawa naliangalia lile goli tu.

Sasa mkuu wa kufuli, nikuulize: Mei ile funguo angekuwa nazo nani?

---

Dagaa_wa_Kibirizi

Nakaa mbele. Mwenye kahawa alete na kashata.

---

KochaMchangani

Mkuu MwishoWaReli, mimi ndiye niliyeandika habari ya kufuli, na hadithi yako imenigusa, sikatai. Ila umechanganya dharura na mazoea. Mei 2015 hakuna mwenye akili angekataa. Mimi nazungumzia Jumamosi ya kawaida, mtu ana shughuli yake ya kuuza soda, analeta lori mpaka duara la katikati kupanga maspika, mvua imenyesha usiku. Lori linaondoka, linaacha mifereji miwili. Jumatano timu inacheza.

Nafundisha vijana chini ya miaka 17. Nina mtoto mmoja winga, mbio zake usipime. Alikanyaga shimo la lori la namna hiyo, enka ikageuka, miezi minne nje. Uwanja siutaji, na aliyeleta lori simtaji. Lakini miezi minne kwa mtoto wa miaka 16 ndiyo msimu mzima wa kuonekana.

Halafu tukumbuke tulikotoka. Mkoa huu umekaa miaka mingapi bila timu Ligi Kuu? Mashujaa, timu yetu ya jeshi, walipopanda 2023 kwa kuitoa Mbeya City kwenye mchujo, nililia. Tunapata wageni wa kueleweka, kamera zipo, halafu mpira unadunda kama sungura. Nchi nzima inatuona.

---

BintiUjiji

Kocha pole kwa kijana wako. Ila naomba niwakumbushe kwamba kuna watu hatukuwahi kupiga mpira na uwanja ule ni wetu vilevile.

Mimi nimeukanyaga kwa mara ya kwanza kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, mita 200 wasichana. Mwalimu alichora njia kwa chokaa asubuhi na mapema, mimi nikapewa ile ya pembeni. Tulikimbia peku wote isipokuwa mmoja aliyeazima raba za kaka yake, zikamvuka kwenye kona, akamaliza na raba moja. Nilikuwa wa nne. Hakuna aliyeuliza kama nyasi zimeumia.

Na tamasha la Diamond la kutimiza miaka 10 ya muziki, 31 Desemba 2019, mnataka tulifanyie wapi? Sokoni? Jamaa alitoka Dar na treni mpaka mwisho wa reli, kwao kwa mama. Mji ulikesha. Kaka zangu wanaosema mpira tu, siku ile niliwaona mbele ya jukwaa wamevua mashati.

---

Dagaa_wa_Kibirizi

Hapo kwenye mashati nimejiona 😂

---

FundiUkoka

Wakuu mnaongea yote isipokuwa nyasi yenyewe. Mimi kazi yangu ni hiyo, nimehudumia viwanja vitatu tofauti, acheni niwape darasa kidogo.

Viwanja vyetu vingi ni ukoka. Ukoka ni mvumilivu ajabu. Unatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi, ukiukata unachipua, ukiukanyaga unalala, ukinyeshewa unaamka. Miguu ya watu haiui ukoka. Watu 10,000 wakisimama kwa saa tatu siku ya kiangazi, asubuhi utaona nyasi imelala, na wiki moja ya maji inasimama.

Kinachoua ni udongo kushindiliwa. Lori, jukwaa la mbao lililokaa siku nne, jenereta, na hasahasa umati kwenye udongo uliolowa. Udongo ukishikana, maji hayashuki na hewa haiingii, mizizi inabaki juujuu. Ndiyo maana unaona mvua ikinyesha nusu saa tu uwanja unakuwa bwawa. Watu wanasema uwanja hauna mifereji. Wakati mwingine mifereji ipo, ila maji hayaifikii.

Dawa yake haihitaji mzungu. Unatoboa. Chuma chenye meno, au hata uma wa bustani, unachoma inchi nne tano, hatua kwa hatua, uwanja mzima, halafu unamwaga mchanga msafi ukaingie kwenye matundu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 mnatoboa vijana kumi kwa siku mbili mkiwa mmekula. Kisha maji jioni, si saa sita mchana kama ninavyoona wengine wanafanya.

Sasa hapo kwenye kufuli. Uwanja uliofungwa miezi mitatu bila mtu wa kukata na kumwagilia unaharibika kuliko uliokanyagwa. Nimeingia uwanja mmoja uliokuwa "unapumzishwa", nikakuta magugu yananifika magotini na mbuzi watano.

Mambo ya kukataza ni matatu: gari lisipite kwenye nyasi, jukwaa likae nje ya mstari, na shughuli ya umati isifanyike ndani ya saa 24 baada ya mvua kubwa. Na hema halipigwi kigingi, linafungwa kwenye viroba vya mchanga. Kile alichookota mwanzisha uzi ni uvivu wa mtu.

---

KochaMchangani

Fundi, hiyo ya viroba vya mchanga naichukua. Kwa nini hamuandiki kwenye fomu ya kukodi uwanja?

---

FundiUkoka

Kocha, nani atasoma fomu? Anayekodi anauliza bei na geti linafunguliwa saa ngapi, basi.

---

MnyamweziHalisi

Salamu kutoka Tabora, wakuu. Niwape pole na niwatanie kidogo, maana sisi reli ilifika kwetu 1912 nyie mkasubiri mpaka 1914.

Hapa kwetu ni habari hiyohiyo ila jina tofauti, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Mzee Mwinyi alipofariki 29 Februari 2024, nilipita nje ya uwanja jioni ile, nikakuta vijana wanacheza ndani kama kawaida. Nikafikiri waache, kumbe wenyewe walikuwa wamesimama dakika moja kabla ya kuanza. Mlinzi ndiye aliyeniambia.

Mnasema timu ya jeshi imewatoa kimasomaso. Na sisi tulikuwa na Rhino Rangers, ya jeshi pia, ikapanda msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huohuo. Miaka ile uwanja ulirudi kuwa wa mikutano na maonyesho mpaka Tabora United ilipokuja 2023. Ninachotaka kusema: timu zinakuja na kuondoka. Ukiujenga uwanja kwa ajili ya timu moja, siku ikishuka umebaki na shamba lenye ukuta. Hii yetu yenyewe siku hizi inaitwa TRA United, watoto wangu bado wananiuliza tutashangilia jina gani.

---

Mgebuka_Mkavu

Mnyamwezi, kwa hiyo sasa mkifungwa mnadai risiti? 😂

---

MnyamweziHalisi

😂😂 Nendeni huko. Waulizeni Yanga, Novemba 2024 tuliwapiga 3-1 kwao Chamazi, na haikupita muda kocha wao Gamondi akafungashiwa virago.

---

Mgebuka_Mkavu

Hiyo nakubali, heshima yenu. Ila kwa raha, nani ana raha kama ya 9 Aprili 2024? Mnyama anakuja Lake Tanganyika kombe la shirikisho, dakika 90 moja moja, tunakwenda matuta, Mashujaa 6 Simba 5. Mimi nilikuwa mzunguko, sikuona penalti mbili za mwisho kwa sababu jamaa wa mbele alikuwa amembeba mwanaye mabegani. Nilisikia tu kishindo. Nikamuuliza "tumepata au tumekosa?" Hakunijibu, akanikumbatia na mtoto akiwa juu. Mapigo na Mwendo!

Mechi ya Simba ya Novemba mwaka huohuo siitaji. Mukwala wao anatufunga dakika za nyongeza, mimi nimeshatoka getini natafuta bodaboda.

---

BintiUjiji

Kama hukuvumilia mpaka filimbi usilalamike.

---

Mzee_wa_Katubuka

Wanangu, nimesoma yote. Mmezungumzia nyasi, muziki na penalti. Hakuna aliyegusa mwenye nyumba.

Uwanja ule ni wa CCM, kama Mwinyi wa Tabora, kama Kirumba wa Mwanza, kama Sokoine wa Mbeya. Wakati wa chama kimoja hilo halikuwa swali. Chama, serikali na wananchi vilikuwa chungu kimoja. Mtu aliyebeba jiwe au aliyetoa mchango hakujiuliza anampa nani. Vyama vingi vilipokuja 1992 chungu kikapasuka, viwanja vikabaki upande mmoja. Kuna wanaosema virudi halmashauri kwa kuwa ni jasho la wote. Kuna wanaosema chama ndicho kilichosimamia na ndicho kilichotunza, na halmashauri zenyewe tunazijua, hata taa za barabarani zinawashinda. Mimi nimesikia hoja zote mbili zikipigwa kwa ngumi kwenye kijiwe cha kahawa.

Hoja yangu ni ndogo. Mwenye kukodisha anataka shughuli nyingi, kwa sababu shughuli ndiyo mapato. Timu inataka shughuli chache, kwa sababu inataka nyasi. Mwananchi anataka aingie. Watatu hao hawajawahi kukaa meza moja. Mnagombana wenyewe kwa wenyewe hapa, na hakuna hata mmoja wenu mwenye ufunguo.

---

KochaMchangani

Shikamoo mzee. Hapo umenimaliza.

---

Jembe_la_Kasulu

Naona siasa inaanza, mods karibuni.

---

Mzee_wa_Katubuka

Marahaba kocha. Wewe wa Kasulu, siasa ni kusema uwanja wa nani? Basi na bei ya mawese ni siasa.

---

MwishoWaReli

Mzee shikamoo, na asante. Hoja ya meza moja ndiyo nilikuwa naitafuta nikashindwa kuipanga.

Niongeze kitu kwa kocha, ili usione nakupinga tu. Tuliona wenyewe kwamba uwanja ukishughulikiwa unaitika. Fainali ya kombe la shirikisho, Simba na Yanga, Jumapili 25 Julai 2021. TFF wana tabia nzuri ya kuizungusha ile fainali mikoani, 2019 ilikwenda Lindi, 2020 Sumbawanga, ikaja zamu yetu. Mji huu sijawahi kuuona vile. Nyumba za kulala wageni zilijaa mpaka watu wanalipia kulala kwenye basi walilokuja nalo. Nyumbani kwangu nililaza shemeji zangu sita, watatu Simba watatu Yanga, mke wangu akatenganisha vyumba. Mukoko wa Yanga anatolewa kwa nyekundu kabla ya mapumziko, Yanga wanapigana kumi mpaka dakika ya 79, kona, Lwanga wa Simba anaweka kichwa. Basi. Wale shemeji watatu waliondoka usiku uleule bila kuaga.

Lakini kabla ya siku hiyo, kwa wiki kadhaa nilikuwa nikipita pale asubuhi naona maji yanamwagwa. Kila asubuhi. Yaani tunaweza, tukijua wageni wanakuja. Swali ni kwa nini tusiwe hivyo tukiwa wenyewe.

---

FundiUkoka

Kwa sababu maji yanalipiwa, mkuu. Nani analipa ankara wiki isiyo na fainali?

---

Umugenzi

Jamani samahani, mimi si wa huku, niko Bujumbura. Nimefika kwenye uzi huu nikitafuta picha za Liemba.

Nilikuwa pale mwaka 2015. Nilikuwa na miaka 19, na mama, na wadogo zangu wawili. Kagunga tulikaa siku tisa. Siku tunapanda meli, mtu alinikanyaga mkono kwenye ngazi na sikusikia maumivu mpaka usiku. Tulifika Kigoma giza limeshaingia, tukapelekwa uwanjani. Kitu cha kwanza nilichoona ni lile goli. Nikamwambia mama, tumeletwa kucheza mpira. Mama alicheka, na alikuwa hajacheka tangu tutoke nyumbani.

Tulilala usiku mbili. Walitupa uji asubuhi, maji ya kunawa yenye dawa, wakatupima, halafu basi kwenda Nyarugusu. Kambini nilikaa miaka mitatu. Mambo mengi ya kambini nimeyasahau kwa makusudi. Ya uwanjani nayakumbuka kwa sababu palikuwa pazuri kulala, nyasi ilikuwa laini, tulikuwa tumetoka kulala kwenye mawe.

---

BintiUjiji

Kaka Umugenzi, karibu sana. Mama hajambo?

---

Umugenzi

Hajambo, dada. Anauza vitenge sokoni. Nimemsomea huu uzi, anauliza yule dereva wa boza ni yule mwenye kofia nyekundu?

---

MwishoWaReli

Si mimi, mimi sikuwa na kofia. Ila namjua, ni marehemu sasa. Mpe mama salamu.

Kaka, mlilala upande gani, wa jukwaa kuu au wa mzunguko?

---

Umugenzi

Wa jukwaa, karibu kabisa, maana mvua ilipoanza tulikimbilia chini ya paa.

---

MwishoWaReli

Basi kigingi hakikuwa chenu. Nilikiokota kwenye goli la mbali.

---

KochaMchangani

Mwanzisha uzi, kiko wapi hicho kigingi sasa hivi?

---

MwishoWaReli

Kwenye dashibodi ya gari. Jumamosi nakuja nacho mazoezini kwako, saa kumi na mbili asubuhi. Fundi naye aje na huo uma wa bustani, tuanze na boksi la goli lile, mzee atatuombea ruhusa getini.

---

FundiUkoka

Nakuja. Chai juu ya nani?